Karai Chini ya Pikapu

Vijana wa gereji mliniomba niwaandikie kitu kabla sijasahau, nami nikasema sawa, nitakaa chini niandike. Hapo ndipo nilijidanganya. Tangu nistaafu sijaweza kukaa. Nimekaza bawaba za lango mpaka mke wangu Kavinya analifungua kwa bega. Nimefungua cherehani yake, nikaisafisha, nikaifunga, nikaifungua tena kwa sababu nilisikia mlio ambao yeye anasema haupo. Gari likipita barabarani nasimama, nasikiliza mshipi wa feni, namhurumia mwenye gari, halafu narudi kwenye kiti na kukuta nimesahau nilichotaka kusema. Kwa hivyo msishangae maandishi haya yakirukaruka.

Sitazungumzia mshahara wala nani alipandishwa cheo. Waliopandishwa bado wanajisifu wenyewe, hawahitaji msaada wangu. Nataka kuzungumzia maji ya injini yanayovuja kidogo. Yanayovuja sana hayana shida, hata mwenye gari huyaona. Yaliyonizeesha mimi ni yale ya tone moja moja.

Nilianza kazi Kibwezi, katika gereji iliyokuwa na paa la mabati, ukuta upande mmoja, na upande wa pili barabara ya Mombasa. Aliyenifunza aliitwa Fundi Kisilu, mtu mnene, mpole, aliyetembea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Mimi nilikuwa kijana wa kukimbia. Nilifika asubuhi na mapema na ovaroli ya kuazima, nikitarajia kupewa spana. Akanipa debe tupu.

Kulikuwa na lori la nyanya lililopoteza maji njiani na hakuna aliyejua yametokea wapi. Injini ilikuwa imepoa, kila kitu kikavu. Fundi Kisilu akaniambia nikalie debe, niangalie injini, nisishike kitu. Nikadhani ananitania. Nikakaa, nikasimama, akaniambia nikae. Jua likapanda, dereva akaanza kulalamika kuhusu nyanya zake, na mimi nikaanza kuichukia ile injini kana kwamba imenitukana. Kilikuwa kiangazi kikali na watu walikuwa wakifuata maji mbali.

Halafu akaja nyuki mmoja. Akazunguka boneti, akaingia, akatua chini ya paipu ya juu ya radieta, karibu na klipu. Wakaja wengine, wakatua hapo hapo. Fundi Kisilu, aliyekuwa akinywa chai kana kwamba hana kazi, akaniuliza wametua wapi. Nikamwonyesha. Akasema basi hapo ndipo. Nyuki wa huku kwetu wakati wa kiangazi hawapotezi wakati na kitu kikavu, na ufa ambao jicho langu lilipita juu yake asubuhi nzima wao waliuona wakiwa bado hewani. Tulipopinda paipu tukaukuta, mwembamba kama unywele.

Siku hiyo aliniambia neno ambalo sijalipenda hadi leo. Alisema, "Kufungua utajua. Kukaa ndiko hutajua."

Alikuwa na kifaa chake ambacho baadhi yenu mlikicheka mlipokiona kwenye droo yangu. Ni kifuniko cha radieta alichokitoboa katikati na kukitia valvu ya tyubu ya baiskeli. Unakifunga kwenye radieta iliyopoa, unaunganisha pampu ya baiskeli, unapampu polepole, na maji yanasukumwa ndani ya mipira yote kana kwamba injini imechemka. Penye ufa patatoa tone, na wewe hutaungua. Usipampu kwa hasira, utapasua kilichokuwa kizima. Najua sasa mna mashine ya kununuliwa yenye saa yake. Ni nzuri. Siku ikikosekana, fungueni droo.

Na mkishapata ufa karibu na ncha ya paipu, kateni kipande kibovu, sukumeni iliyobaki irudi mahali pake, klipu ikae nyuma kidogo ya ukingo wa bomba la chuma. Msifunge kwa waya. Msizungushe kipande cha tyubu mkadhani mmetengeneza. Tyubu ni ya kumfikisha mtu gereji, si ya kumfikisha Krismasi. Na mteja akija amemimina mayai kwenye radieta ili yazibe tundu, msimcheke mbele yake. Nimetoa mayai ya kutosha kulisha kwaya. Wengine hutia bizari, na injini ikichemka inanukia pilau.

Kulanti ilipoanza kuja kwa wingi, ile dawa ya kijani ya kutia kwenye radieta, Fundi Kisilu hakuipenda wala kuikataa. Alisema inalinda injini kuliko maji yetu ya chumvi, na kweli ililinda. Lakini gereji ilikuwa na mbwa aitwaye Meneja, kwa sababu alilala mchana kutwa na bado akala mapema kuliko sisi. Siku moja tulimwaga kulanti ya gari moja kwenye sufuria, tukaenda kula muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. Tuliporudi Meneja alikuwa amelamba sufuria ikang'aa. Kulanti ni tamu, na kiangazi hakichagui kiu. Jioni alianza kuyumba, anainuka, anaanguka, kama mlevi anayetafuta njia ya nyumbani. Tulimcheka. Kisha tukaacha kucheka. Kesho yake alikuwa amekufa, na Fundi Kisilu alimchimbia shimo nyuma ya gereji, akajiegemeza kwenye jembe akalia bila kuficha uso. Baada ya hapo kulanti kwetu ilikaa kwenye mtungi wenye kifuniko, na ole wako uuache wazi.

Jambo lingine nililolichukua kwake ni hili. Akimaliza kutafuta ubovu hakumwita mteja kumhubiria. Alinawa mikono, akachukua kile kilichoharibika, akakiweka kwenye kiganja cha mwenye gari, kisha akanyamaza. Mtu aangalie kwanza. Mimi nilitaka kueleza kila kitu kabla mteja hajafika, na yeye alinikanyaga mguu mara nyingi.

Baadaye nilifanya kazi kwa muda Kiboko, palipokuwa na malori mengi yaliyochemka na madereva wengi waliochemka zaidi. Huko nilimwona mtu akifungua kifuniko cha radieta ya moto kwa mkono mtupu kwa sababu alikuwa na haraka. Ngozi ya mkono ilitoka kama soksi. Sisemi zaidi. Subirini ipoe, iwekeeni gunia juu, na mwenye haraka aende kwa miguu.

Kisha nikahamia Kitui mjini, mkanikuta huko. Kavinya ameniuliza sasa hivi naandika nini muda wote huu, nikamwambia naandika kuhusu Nuu. Akasema basi mwishowe umefika. Amechoka kuisikia, lakini ninyi hamjaisikia yote.

Miaka michache iliyopita alinipigia simu mtu wa Nuu aitwaye Musyoka. Alikuwa na pikapu ya kubeba ndengu na mbuzi kwenda soko la Mwingi, na ilikuwa inapoteza maji bila kuonyesha yanakopitia. Mafundi waliotangulia walikuwa wameiangalia ikiwa baridi, wakakuta pakavu, wakasema ni gasketi ya silinda hedi, wakataka kufungua injini. Musyoka aliniomba nije na pikipiki kwa sababu haikuwa na uhakika wa kufika hata Mwingi. Nilimuuliza kwa nini asingoje wiki ijayo. Akasema lazima itembee kesho, kuna safari. Sauti yake ilibadilika aliposema neno safari, lakini mimi nilikuwa tayari natafuta kofia ya pikipiki.

Nilifika alasiri. Pikapu ilikuwa imetoka soko la karibu muda mfupi uliopita, injini ya moto, hakuna cha kushika. Nikalazimika kungoja, kitu ambacho mnajua nakifanya vibaya. Nilizunguka boma. Niliona zizi, ghala la ndengu, kivuli cha mkwaju, na hatua chache ng'ambo ya ua, mashimo mapya ya kufukia yaliyofunikwa kwa miiba. Mashimo madogo. Nikauliza ni ya nini. Musyoka akasema ya watoto wa mbuzi, akageuka kuangalia tairi ambalo halikuwa na shida.

Aliyeniletea chai alikuwa mke wake, Mwende, msichana aliyekuwa ameolewa pale si muda mrefu. Aliposikia nilifunzwa kazi Kibwezi akasimama. Yeye alikuwa wa huko, nyumba ya mama yake iko karibu na mashamba ya kumwagilia. Aliniuliza habari za soko la Kibwezi kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa. Nikamwambia kumejengwa sana. Kisha nikaona begi limesimama mlangoni, limefungwa zipu na juu yake leso imekunjwa vizuri, na nikamuuliza bila kufikiri kama ndiye anayesafiri kesho.

"Ndiyo. Narudishwa," alisema. "Mjomba anakuja asubuhi kunichukua. Ndiyo unatengeneza gari."

Alinieleza akiwa amesimama pale na birika mkononi. Muda mfupi baada ya yeye kuolewa, vitoto vya mbuzi vilianza kufa. Mbuzi wakubwa, wanaokwenda malishoni na kunywa huko mtoni kwenye mchanga, hawakuguswa. Vilivyokufa ni vile vinavyobaki nyumbani, na anayevipa maji nyumbani ni yeye. "Wanaanza kuyumba, kama mtu amelewa. Wanalala. Halafu basi. Na maji ni mimi nawapea, fundi, kwa hivyo ni mimi."

Walimwita daktari wa mifugo, akatoa dawa ya minyoo, na vifo vikaendelea. Pale hakuna aliyetamka neno uchawi. Sisi watu wa kanisa hatulitamki. Tunasema "kuna kitu", na kila mtu anajua ni kitu gani na kimeingia na nani. Mama mkwe wake, Mama Musyoka, alikuwa mama wa kanisa anayeheshimiwa, na hakuwa amemtukana. Alikuwa amesema tu kwamba ni heri msichana akapumzike kwao kidogo. Kila aliyesikia alielewa kidogo hicho ni cha muda gani. Musyoka mwenyewe alimpenda mkewe, hilo lilionekana, lakini hakuwa na la kumjibu mama yake. Angemjibu nini? Mbuzi walikuwa wamekufa kweli.

Nilisikia neno kuyumba, nikamkumbuka Meneja, kisha nikamsahau, kwa sababu niliambiwa pikapu imepoa. Niliifungua, nikamulika kila paipu ya radieta, nikakuta pakavu. Usiku ukaingia. Nililala kwa jirani, au tuseme nilijilaza. Kilichoniumiza ni kwamba nikiifanya kazi yangu vizuri, yule msichana ataondoka kwa starehe. Nikiifanya vibaya, ataondoka kwa pikipiki. Nilimkasirikia Musyoka, nikamkasirikia mama yake, nikaikasirikia pikapu, na hakuna hata mmoja aliyenipa usingizi.

Asubuhi nilifika kabla hawajachemsha chai. Nikafungua boneti, na kwa mara moja katika maisha yangu nikafanya nilichoambiwa. Nilitafuta debe nikakaa. Jua lilipogusa pua ya pikapu, nyuki wakaja. Hawakwenda mbele kwenye radieta. Walipita juu ya injini wakaingia nyuma kabisa, karibu na ukuta wa kebini, upande wa abiria. Nikainamisha kichwa. Walikuwa wametua kwenye mpira wa hita, ile ya kupasha joto ndani ya gari.

Nani anaangalia mpira wa hita huku kwetu? Tangu nizaliwe sijamwona mtu wa Nuu akiwasha hita. Lakini maji ya injini hupita humo uwashe usiwashe, na mpira huo ulikuwa umesuguana na kipande cha chuma mpaka ukatoboka karibu na ncha. Gari likitembea, upepo na joto vilikausha kila kitu. Likisimama jioni likiwa la moto, ndipo lilipotoa matone yake, wakati hakuna fundi karibu. Nilitoa kifuniko cha Fundi Kisilu, nikakifunga, nikaanza kupampu. Nikasikia tone likianguka. Halikuanguka kwenye udongo. Lilianguka kwenye bati.

Nikalala chini kuangalia. Palikuwa na karai.

Nilimuuliza Mwende, aliyekuwa anafagia, hilo karai linafanya nini. Akasema ni la mama, hukinga maji ya kiyoyozi. Musyoka alipenda sana kujipuliza baridi akiendesha, na kiyoyozi hudondosha maji masafi pale pale upande wa abiria, kila gari hufanya hivyo. Mama Musyoka alipoona maji yanaanguka bure kwenye vumbi, katika boma ambalo maji hubebwa kwa punda, aliweka karai. Mtu yeyote wa huku angeweka. Asubuhi Mwende aliagizwa kuyamimina kwenye kibakuli cha vitoto vya mbuzi. Mwanzoni yalikuwa maji tu, na hakuna aliyedhurika. Kisha mpira ukatoboka mahali hapo hapo, na Musyoka alikuwa akijaza kulanti ya kijani kila siku, akisifiwa kwa kulitunza gari.

Nililivuta karai nje. Maji yalikuwa na rangi ya kijani hafifu sana, ya kuonekana tu ukilipeleka juani. Nyuki wawili watatu walikuwa wanaelea, wamekufa. Nilitia kidole, nikakinusa, nikatema mate kabla hata sijaonja. Damu ilinipanda kichwani. Nilitaka kusimama katikati ya boma nipige kelele mpaka wasikie Mwingi. Miguu ilikuwa tayari imeanza kwenda. Sijui ni nini kilichonishika, labda ule mguu wa Fundi Kisilu juu ya wangu. Nilinawa mikono. Nikamwomba Mwende aniitie mama.

Mama Musyoka alikuja akijifunga kitambaa kichwani, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho ya mtu ambaye naye hakuwa amelala. Nikamwomba anishikie karai chini ya gari wakati napampu. Akashangaa, lakini akainama. Nikapampu. Tone likaanguka mbele ya macho yake, la kijani, jua likilipitia. Likaanguka lingine.

"Hii si ya AC," alisema.

"Hapana, mama. Ni ya injini. Ni ile dawa Musyoka anaweka."

Nikamweleza habari za Meneja, jinsi alivyoyumba. Sikumtaja Mwende. Sikutaja mbuzi. Alinisikiliza akiwa bado ameinama, karai mkononi.

"Hata kidogo hivi?"

"Akiwa mnyama mdogo, hata kidogo hivi."

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani mwingine anajua?"

"Ni mimi na wewe."

Aliliweka karai chini taratibu, akaingia nyumbani kwake akafunga mlango. Nikabaki nimesimama na pampu. Sikujua amekwenda kufanya nini, na naungama kwamba nilimwogopa. Mtu anaweza kuamua kwamba karai limwagwe, gari litengenezwe, msichana aende zake, na hakuna atakayeuliza. Mbuzi wangeacha kufa baada ya yeye kuondoka, na hiyo ndiyo ingekuwa hukumu yake mpaka kaburini. Wangesema mnaona, alipoondoka kile kitu kilimfuata. Nilijiambia kama hataki kusema nitasema mimi, ingawa si mtu wa boma lile, na nikishasema mimi, mama yule ataheshimiwa na nani humo ndani?

Mjomba wa Mwende akafika na pikipiki kutoka Mwingi, mzee wa heshima, amevaa koti kwenye joto lile. Akasalimia, akakataa chai. Mtu akikataa chai asubuhi mnajua amekuja na nini moyoni. Musyoka akalitoa begi mlangoni akaliweka nyuma ya pikapu, akaja kuniuliza kama niko tayari.

Kazi ilikuwa rahisi. Nilikwisha kata ncha mbovu, nikausukuma mpira, nikauondoa kwenye kile chuma kilichoutoboa, ikabaki klipu ya kukaza. Nikaikaza. Nikaangalia mlango wa Mama Musyoka. Umefungwa. Nikailegeza. Nikaikaza tena, nikailegeza tena.

"Fundi, bado?" Musyoka aliuliza.

"Bado."

"Si ni ile klipu moja tu?"

"Klipu ndiyo kila kitu," nikamwambia, na nikailegeza.

Mimi, ambaye kazi ya saa nzima naifanya nikiwa nusu nimeshaondoka, nilizungusha bisibisi kwenye ile klipu mpaka mkono ukauma. Mwende alikuwa amesimama karibu na mjomba wake, hatazami popote. Mjomba aliangalia simu. Jasho lilinitiririka, si la jua. Ningeweza kukaa pale mpaka jioni, na hilo neno kukaa sikuwahi kulisema juu yangu mwenyewe.

Mlango ukafunguka. Mama Musyoka alitoka amevaa sare yake ya kanisa, kitambaa cheupe kichwani, kama Jumapili. Kumbe alikwenda kuvaa. Alipita mbele yetu bila kutuangalia, akainama, akalichukua karai, akaja nalo akiwa amelishika kwa mikono miwili mpaka mbele ya mjomba.

"Mzee, angalia haya maji," alisema. "Ndiyo yaliua mbuzi. Yanatoka kwa gari ya mtoto wangu, na karai ni yangu, niliweka mimi. Huyu alikuwa anabeba tu vile nilimwambia abebe."

Alikwenda nalo mpaka kwenye choo, yeye ambaye pengine hakuwahi kumwaga maji maishani, akayamwaga yote shimoni. Akarudi. Akalishusha begi kutoka kwenye pikapu kwa mkono wake mwenyewe, na begi lilikuwa zito, na Musyoka alipokwenda kumsaidia alimsukuma kwa kiwiko.

"Mwende," alisema. "Mwiitu wakwa." Yaani binti yangu, kwa Kikamba.

Mimi nilitarajia kilio na kukumbatiana, na mikono yangu ilikuwa tayari inakusanya vifaa. Mwende hakulia. Alimtazama mama mkwe wake kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Nimesikia, mama," alisema. "Lakini nitaenda. Nataka kumwona mama yangu."

Akapanda kwenye pikapu, akakaa katikati, mjomba akaingia kando yake. Musyoka alishika usukani kama mtu aliyepigwa. Mama Musyoka alisimama na begi miguuni, akauliza kwa shida, "Na hii?"

Mwende akamjibu kupitia dirishani. "Iweke ndani. Isikae kwa jua."

Nikakaza klipu kwa mara ya mwisho, nikafunga boneti, nao wakaenda.

Nilirudi Kitui na nikawa mtu asiyefaa. Mnakumbuka, mlisema nina malaria. Kila aliyetoka upande wa Nuu nilimuuliza kama ameiona ile pikapu, inaendaje, inachemka au haichemki. Walinijibu kuhusu injini, na mimi nilikuwa nauliza kuhusu begi. Mmoja aliniambia Musyoka alirudi peke yake. Mwingine akasema hajui, watu wa pale hawasemi. Mtu anaweza kuliacha begi kwa sababu atarudi. Anaweza pia kuliacha kwa sababu hataki kubeba chochote cha mahali pale. Nilibishana na nafsi yangu usiku na mchana, na Kavinya akaniambia nikitaka kujua nipige simu. Nilikuwa na namba ya Musyoka. Sikupiga. Niliogopa jibu.

Kisha simu ikaja yenyewe, mchana mmoja wa jua kali, nikiwa chini ya basi la shule. Namba sikuijua. Sauti ya mwanamke ikasema, "Fundi, habari. Ni Mwende wa Nuu."

Aliposema Nuu nilijigonga kichwa kwenye chesisi. Alidhani simu imekatika, akaniita tena.

"Nakusikia," nikasema.

"Nyuki wametua tena kwa ile mpira. Leo asubuhi. Karai tuligeuza, ni kuku wanalalia. Lakini Musyoka hayuko, na mama anasema tusiguse kitu mpaka uje."

Nikajua mara moja ni nini. Ilikuwa ile klipu yangu. Niliikaza na kuilegeza siku ile mpaka nikaimaliza meno, na sasa ilikuwa imeachia. Nikamuuliza mama yuko wapi.

"Yuko hapa nje," Mwende alisema, na nikasikia anacheka kidogo. "Amekalia debe, anawaangalia wasihame. Amekataa hata kuingia kula. Nimemletea chakula hapo hapo, tunakula tukiangalia."

Nilimwambia naja. Kavinya husema sikuaga mtu siku hiyo, na ni kweli, kwa sababu wakati Mwende anakata simu nilikuwa nimeshavaa kofia ya pikipiki, na klipu mpya mfukoni.